Kahawa ya Mwenye Haja

Mjumbe wa mtaa wetu katika baladia, yaani baraza la mji, alikuwa na mambo matatu mdomoni, na kila Ijumaa akitoka msikitini aliyarudia kwa sauti: kazi kwa watu wa nchi, nafuu kwa wachuuzi wadogo, na ushuru wa haki. Mimi na mama tulikuwa tumefika Maskati kutoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, hatuna hili wala lile. Maneno yake niliyapokea kama uji wa mgonjwa.

Tulikaa chumba cha udongo nje ya ukuta wa Mutrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati. Mama hakubaki na kitu ila mkono wake wa mandazi, na mkono ule ulikuwa na baraka. Alfajiri alikaanga, lango likifunguliwa naingia mjini na kapu, na adhuhuri hainikuti na andazi hata moja. Tukaanza kula vizuri. Mama akaanza tena kuimba akikanda.

Kisha mtu wa langoni akaanza kuyatoza mandazi ushuru, kama shehena iliyoshuka melini. Unga ulikwishatozwa bandarini, sasa ukatozwa mara ya pili kwa kosa la kukaangwa. Faida yote ikawa inabaki langoni. Mama akanambia niende kwa mjumbe, maana si ndiye msemaji wa wachuuzi wadogo?

Nilimkuta kwenye sabla yake, ukumbi wa wanaume, watu wamejaa. Nikaletewa tende na kahawa. Kwetu Unguja ukipewa kahawa unakunywa. Kuiacha ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Nikanywa, nikasifu, ndipo nikaeleza shida yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama finjani yangu tupu, akatabasamu. Alinijibu kwa Kiarabu, polepole, kama anayesema na kiziwi.

"Mwenye haja huiweka kahawa chini, haigusi mpaka ajibiwe. Wewe umekunywa. Basi huna haja."

Ukumbi mzima ukacheka. Nilitoka masikio yakiniwaka moto.

Kicheko peke yake pengine ningekisamehe. Lakini haukupita muda shemeji yake akafungua jiko la mandazi ndani ya lango, mahali ambapo ushuru ule haufiki. Mama alikuwa ameshafunga lake. Mjumbe akatuletea salamu kwamba kule kwa shemeji kuna kazi, mama aje akande, na Ijumaa akasimama kuwaambia watu kwamba ile ahadi ya kazi ameanza kuitimiza. Mama akaenda. Angefanya nini? Akawa anakanda unga wa mtu, kwa kipimo chake mwenyewe cha iliki na tui, na mji mzima ukasifu mandazi ya shemeji. Jioni alirudi akakaa, mikono mapajani, haimbi. Niliitazama mikono ile nikamwomba Mungu anipe siku moja tu na yule mtu.

Alinipa. Mwaka wa sabini nchi ilipata sultani mpya, ofisi zikafunguliwa, na anayejua Kiingereza na kupiga taipu akawa anatafutwa kama dawa. Vyote viwili nilivisomea Unguja. Nikawekwa penye kuajiri makarani, na wiki hiyohiyo nikamtoa mama kwenye jiko la shemeji.

Mjumbe alikuja nyumbani kwetu baada ya alasiri, amevaa joho, manukato yamemtangulia. Mama alipika kahawa mwenyewe, akapanga na mandazi kwenye sahani, akarudi nyuma ya pazia. Nikammiminia mgeni. Akaipokea finjani, akaiweka mkekani, akaacha kuigusa.

Nilimwelewa vizuri sana. Somo lile alinifundisha yeye.

Nikamuuliza afya. Nikamuuliza samaki wa pwani ya Sidab kama wanapatikana. Kahawa ikapoa, naye akashindwa kungoja zaidi.

"Nina haja kwako, mwanangu," alisema. "Kijana wangu anataka ukarani."

Mwanangu! Nikaiinua finjani yake, nikaimwaga kwenye bakuli la maji, nikaisuuza taratibu mbele ya macho yake, nikaifunika juu ya sinia.

"Naona umetosheka, sheikh," nikamwambia. "Utuwie radhi. Sisi watu wa Zanzibar desturi zenu hatuzijui."

Alisimama, akavitafuta viatu vyake mlangoni kwa muda mrefu. Nafasi ile alipewa mwingine. Kijana wake hakunikosea, najua. Na mama yangu alimkosea nani?

Mama akatoka nyuma ya pazia.

"Kanywa?"

"Hakunywa."

Akaketi pale pale alipokaa mgeni, akachukua andazi kwenye sahani ambayo haikuguswa, akalimega.

"Hebu nihadithie," akasema. "Anzia pale alipoiweka chini."