Uzi Chini ya Meza

"Hakati tena yule daktari, shoga yangu. Anakaa kwenye kiti anacheza gemu, na mshahara anapokea," jirani alimwonya mama kijana, ambaye mwanawe alikuwa apasuliwe ngiri kesho yake. Basi mama akakaa mbele ya daktari, mtoto mapajani, fomu ya idhini mkononi bado haijasainiwa, akaona jirani hakusema uongo mwingi. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anabofya kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa.

"Mwalimu wangu alipasua kwa mwanga wa chemli," alisema bila kuinua macho, "akitukaripia sote, hata mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa. Sisi tumeendelea, mama. Mimi nakaripiwa na kompyuta." Na kweli ikalia: kisanduku cha kumi na tisa hakijajazwa. Ngiri ya mtoto ilibidi isubiri mpaka ijulikane dini ya babu yake. Mama alitazama chini ya meza. Pale mkono wa kushoto wa daktari ulikuwa unafunga mafundo kwenye uzi ulioning'inia kitini, madogo, yaliyolingana, wala mwenyewe hautazami. Mama alikuwa fundi cherehani, na fundo safi namna ile hajawahi kulifunga. Kisanduku kilipojazwa, picha ya tumbo la mtoto ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, imepimwa, imeidhinishwa. Daktari akasukuma kiti nyuma, akaficha viganja kwapani mpaka vikapata joto.

"Mama, usisaini kwanza. Naomba nimshike tumbo mwanao. Kompyuta imeshamwona, mimi bado."