Supachaja kwenye Pikapu ya Mama

Mimi nina hasira za karibu, na mama yangu anajua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo siku pikapu yetu iliposhindwa na mlima wa Maai Mahiu, hakunigombeza. Alishuka, akakaza leso kiunoni, akaanza kuteremsha neti za vitunguu moja baada ya nyingine na kuzipanga kando ya barabara. Mzigo ulipofika nusu akaketi juu ya zile neti, akaniambia nipande na nusu iliyobaki, niishushe sokoni, kisha nirudi nimchukue.

Niliporudi ilikuwa alasiri na ukungu ulikuwa umeshuka. Mama alikuwa amelowa hadi soksi. Wanawake anaouza nao vitunguu pale soko la Kawangware 56 walikuwa wamempita wote ndani ya lori, wakampungia mkono. "Wamenisalimia vizuri tu," alisema. Nikaanza kulia nikiwa nimeshika usukani, naye akaniambia niangalie barabara.

Wiki hiyohiyo alitangaza kwamba gari litauzwa. Kuna mzee wa vyuma kuukuu aliyekuwa akiliulizia kila akipita, na mama alishampa neno. Yeye mwenyewe angeiacha meza yake sokoni, meza aliyoanza kuuzia nikiwa mgongoni mwake, arudi nyumbani magharibi akalime. Nilimsihi anipe safari moja zaidi. Alinitazama kama anavyokitazama kitunguu anachoshuku kimeoza ndani.

"Moja," alisema. "Lakini ikinishusha tena njiani, mimi siipandi tena. Na wewe usiniambie kitu."

Sasa, aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mwingine, kwa sababu mimi ni fundi wa magari. Nina gereji ya mabati huku Gatina, mimi na mwenzangu mmoja tuliyejifunza naye kazi. Wateja huniletea magari yaliyokata tamaa, nami huyarudisha barabarani, halafu mama yangu mzazi anakalia vitunguu kwenye mvua. Jamani, nilijisikia vibaya.

Na pikapu haikuwa mgonjwa. Niliipima kila mahali, ikawa nzima. Injini yake ni ya petroli, ndogo, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Injini huvuta pumzi kama mtu: ikipata hewa kidogo, itachoma mafuta kidogo, na nguvu itakuwa hiyohiyo kidogo. Ukiitwika neti ishirini na tano za vitunguu na kuielekeza mlimani, inatweta tu. Haikuhitaji tiba. Ilihitaji kulishwa hewa kwa nguvu.

Kifaa cha kufanya hivyo nilikuwa nacho chini ya benchi. Ni supachaja niliyoing'oa kwenye gari dogo lililogongwa nyuma, ambalo mwenyewe alituachia tulifanye vipuri. Ukiiona ni kama sanduku zito la alumini, ndani mna mapanga mawili yanayozunguka pamoja na kuisukuma hewa iingie kwenye injini itake isitake. Huzungushwa na mkanda kutoka kwa injini yenyewe.

"Si uweke tu turbo?" mwenzangu aliuliza. "Hiyo ndio maboy wote wanaweka."

Nilimwambia turbo huzungushwa na moshi, na ukiwa mlimani na mzigo, injini ikienda polepole, lazima uisubiri ipate moshi wa kutosha ndipo ianze kazi. Supachaja haisubiriwi, ukikanyaga, imeshafika. Mama yangu alikuwa amesubiri vya kutosha.

Ilituchukua wiki mbili, na sitaki mtu adhani ni kazi ya kufunga bolti nne ukanawa mikono. Ukiipa injini hewa nyingi bila kuiongezea mafuta, inaungua. Kwa hiyo tulibadilisha pampu ya mafuta na nozeli, tukaweka kubwa. Hewa ikishindiliwa hupata moto, basi tukatafuta kipozahewa kutoka kwa gari la mizigo, nikakichomelea vishikio nyuma ya grili. Redieta ilitoka, ikaingia pana zaidi. Gasketi ya hedi tuliweka nene, ili hewa isishindiliwe kupita kiasi ndani ya injini. Klachi niliweka mpya, kwani ya zamani ingeteleza siku ya kwanza. Mwisho nikabadilisha breki zote nne, maana gari linalopanda mlima kwa nguvu lazima pia literemke, na anayeketi kando yangu ni mama.

Tulipoiwasha mara ya kwanza ilipiga mluzi mwembamba kila nilipokanyaga mafuta. Wenye saluni ng'ambo ya barabara walitoka na wateja wao, vichwa vimesukwa nusu. Mwenzangu alicheza pale gerejini akiwa na spana mkononi. Mimi nilijifanya mtu mzima, nikafuta mikono, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika juu ya mlima.

Furaha hiyo ilidumu siku moja. Kesho yake tulitaka kuijaribu na mzigo, na mama mmoja mwenye kinu cha kusaga unga kule Sarang'ombe, ndani ya Kibera, alikuwa na magunia ya mahindi ya kupelekwa kinuni kwake. Tukayapakia, tukaingia Kibera. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya kinu, nikakanyaga mafuta. Mluzi uligeuka ukelele. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa ndani, na nguvu ikakatika papo hapo. Mkanda ulikuwa unateleza kwenye puli ya supachaja.

Hapa ndipo tulipofanya kile ambacho kila fundi wa mtaani hufanya, na ambacho tumewafanyia wateja wengi bila kuona haya.

"Wacha nikimbie hapo kwa duka nilete soda," mwenzangu alisema. "Tuimwagie, itashika tu."

Akaileta, tukaumwagia mkanda. Sukari hunata, na mkanda ukashika kweli. Tukapanda mita chache tukishangilia, tukafika mlangoni pa kinu, kisha sukari ikaungua, ukelele ukarudi maradufu na moshi mweusi ukatanda barabara nzima. Nilishuka nikaupiga teke mlango wa gari letu wenyewe. Kidole cha mguu kiliniuma siku tatu.

Mwenye kinu alitoka. Ni mama wa Kinubi, mwenye plot ile ya vyumba vya kupangisha na nyingine mbili, nyusi zake nyeupe kwa unga. Alinusa hewa, akafungua boneti bila kuomba ruhusa, akaugusa mkanda, akanusa kidole.

"Soda," alisema. "Nyinyi ni mafundi ama mnauza biskuti?"

Mimi nilitaka kumjibu, tena nilikuwa na jibu kali, lakini alishanishika mkono akaniingiza ndani. Kinu kilikuwa kinasaga. Alinionyesha mkanda wake, mpana, mkavu, unaovuta mashine nzito kutwa bila kupiga kelele.

"Huu haujawahi kuonja sabuni wala soda. Sasa ona." Akaelekeza kidole kwenye kigurudumu kidogo kilichoukandamiza mkanda kutoka nje, karibu na puli. "Hiki ndicho kinaufanya mkanda uikumbatie puli. Wako unaigusa tu kwa ncha, halafu unauambia uvute mlima. Wewe mwenyewe ungekubali?"

Nilisimama pale nikaona kila kitu. Kweli, mkanda wetu uligusa sehemu ndogo tu ya puli, kisha ukapinduka kwenda zake. Miaka yote hii nimekuwa nikikaza mikanda, kumbe kukaza si kukumbatisha. Nilipandwa na hasira za kujikasirikia, halafu nikacheka hadi machozi, na yule mama akacheka nami, unga ukimdondoka usoni.

Tuliyashusha mahindi, tukatupa mkanda wa soda. Nikakata kibati kinene, nikakichomelea na kukifungia kigurudumu cha kukandamiza, mahali palepale alipokuwa amenionyesha kwa kidole. Mkanda mpya ukaizunguka puli zaidi ya nusu. Siku iliyofuata tulirudi na magunia mengine. Kwenye mwinuko uleule pikapu haikulia. Ilipiga mluzi wake mwembamba na kupanda. Mwenye kinu alikuwa mlangoni ameshika kiuno, akatupungia kama anayefukuza kuku.

Siku ya safari ya mama tuliondoka alfajiri. Tulishuka bondeni, breki zikishika vizuri, tukapakia neti ishirini na tano. Mama aliziangalia, akamwambia mkulima aongeze tano. Nilifungua mdomo, akaniinulia kidole, nikaufunga.

Ilikuwa saa nne asubuhi tulipoanza kupanda. Mama alishika mshikio wa mlango kwa mikono yote miwili. Nikakanyaga mafuta. Gari likaenda. Likaenda tu, jamani, gia ya tatu, mluzi ukiimba, mshale wa joto umetulia katikati. Tulilipita lori la kwanza, tukalipita la pili. Niliona mkono mmoja wa mama umeachia mshikio.

Palipo na mwinuko mkali zaidi tulikuta kigari cha mizigo kimesimama, boneti wazi, mvuke unatoka. Kando yake amesimama mwanamke ninayemfahamu, mmoja wa wale wa meza za Kawangware, na neti zake nne chini.

"Simama," mama akasema.

"Mama, hapa ndipo mlima wenyewe. Nikisimama hapa na mzigo huu—"

"Nimesema simama."

Nilisimama. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Mama alishuka mwenyewe, akashika neti upande mmoja, yule mwanamke upande mwingine, wakazitupa zote nne juu ya zetu. Kisha wakajibana wote wawili kando yangu.

"Itatoka kweli?" yule mwanamke akauliza.

"Muulize fundi," mama akasema.

Nilivuta hendibreki, nikakanyaga mafuta, nikaiachia klachi kidogo kidogo hadi nikahisi pua ya gari inainuka. Mluzi ukaanza. Niliachia hendibreki. Kwa pumzi moja tulining'inia pale, hatuendi mbele wala nyuma, nami nikasikia mama ameacha kupumua. Kisha magurudumu yakauma lami na pikapu ikaondoka, nzito, thabiti, na yule mwanamke akapiga vigelegele dirishani hadi dereva wa lori nyuma yetu akapiga honi. Mimi nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini.

Tulipofika juu, Kimende, mama alitoa simu kifuani. Alimpigia mzee wa vyuma.

"Halo. Ndiyo, ni mimi. Ile gari?" Akanitazama. "Hapana, baba, haiko. Iko kazini."

Akakata, akavua viatu, akaniambia nikanyage, watu wanangojea vitunguu.