Siku Tulipogeukiana Jukwaani

Nakumbuka mchana mmoja wa mazoezi, mwanangu, zile enzi za Zaire, kwenye ukumbi wa parokia yetu hapa Kisangani. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, basi wakanipa kuigiza mke. Mumewe amekula liboke, yule samaki wa kufungwa kwenye majani, ambaye mke alimpikia mama yake mgonjwa kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Mchezo mzima ni ugomvi huo tu.

Sasa, sisi wote tulikuwa watoto wa animasyon, zile ngoma za kuwasifu wakubwa wa serikali. Shuleni, uwanjani, kila mahali tulijipanga mstari tukaimba na kucheza, nyuso kwa wakubwa walioketi mbele. Kwa hiyo hata nikimgombeza mume, macho yangu yako kwenye viti vya mbele, na meno yote nje! Papa Bosco, mwalimu aliyetuongoza, alishika kichwa.

"Eh, mama! Nani amekula liboke yako? Kile kiti?"

"Hapana, Papa. Ni huyu."

"Alors, ongea na huyu! Animasyon tunaimbia mukubwa. Teatre, watu wawili wanagombana mpaka mukubwa anasahau kama iko kwenye kiti."

Nilinuna, we acha tu. Siku yenyewe ya onyesho baba yangu alikuja, naye alikuwa amenionya: nikimtia aibu, teatre basi. Akakaa mbele kabisa, uso ameukunja. Nilitamani kumchekea kidogo. Nikajizuia, nikamgeukia mume wangu. Nikamwona analamba vidole, na haki ya Mungu, hasira ikanipanda kweli.

"Mama yangu iko na njaa ng'ambo ya mto, we unalamba vidole?"

Akanijibu, nikamjibu. Mara mtu akasimama pale mbele, kidole juu: "Kijana! Mupe mutoto yangu liboke yake!"

Alikuwa baba! Watu walicheka mpaka machozi, na alipozinduka, yeye akacheka kuliko wote. Hakunikataza tena.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu unayetaka kupanda jukwaani: mchezo wa kuigiza si maneno matamu ya kuwaimbia watu. Ni mtu anayetaka kitu kwa roho yake yote, na mwingine anayemnyima, mbele ya macho yetu. Mtazame mwenzako. Msikilize kabla hujamjibu. Makofi yatakuja yenyewe. Mungu akupe sauti, akupe mwenzako wa kugombana naye vizuri, na mzazi wako asahau kabisa kwamba alikuja akakaa kwenye kiti.