Mkono wa Bendera

Watu wa Eldoret wakisikia kwamba mimi na mzee wangu tunashabikia klabu ya mbio za pikipiki, hutuangalia kama watu waliopotea njia. "Mbio za injini? Na miguu Mungu aliwapa ya nini?" Huu ni mji wa wakimbiaji. Ukitoka kwetu Kapsoya asubuhi unawapita kando ya barabara, wembamba, hawahemi, na kila mtu anawapisha kwa heshima. Sasa wewe mwambie jirani kwamba Jumapili ukitoka kanisani unaenda kusimama kwenye shamba la mahindi, kutazama watu wa boda boda wakizungushana kwenye vumbi mpaka jioni. Atakuombea.

Nimezoea. Mzee wangu, yaani mume wangu, ndiye aliyenitia kwenye mambo haya wakati akinichumbia. Wenzake walikuwa wakipeleka wasichana mjini kula kuku na chipsi. Mimi nililetwa shambani nikang'oe mabua. Nilikasirika siku hiyo, wee! Nilivaa viatu vyeupe. Lakini ukipenda boga penda na ua lake, na kufikia jioni nilikuwa nimepiga kelele hadi sauti ikakauka, viatu vikawa rangi ya udongo, na nikajua huyu ndiye nitakayeolewa naye.

Shamba lenyewe ni la mama mmoja mzee tunayemwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yake. Kila mwaka mahindi yakishavunwa, anatuachia kipande kabla trekta halijarudi kulima. Hapo klabu huchora njia ya mviringo, na sisi mashabiki hung'oa mabua yote yaliyobaki ardhini ili pikipiki zipite. Usipong'oa, usitegemee mtu akupishe mbele siku ya mbio, hata uwe mke wa chifu. Mvua ya kwanza ya kupanda ikinyesha, msimu umekwisha. Kogo hana mchezo na mahindi yake.

Kushinda, jamani, hatushindi. Klabu za wageni huja na pikipiki za mashindano zimebebwa juu ya pikapu, zinang'aa. Vijana wetu hukimbiza zilezile wanazobebea abiria. Jumamosi jioni wanafungua kiti cha abiria, taa na madigadi ya kuzuia matope. Jumatatu asubuhi wanavirudisha na kwenda steji kungoja abiria. Mmoja wao, fundi kijana wa mtaa wa Huruma, ndiye mwenye moyo kuliko wote. Ana kona moja anayoiweza, ile ya mwisho karibu na mikaratusi. Wenzake wanapopunguza mwendo hapo, yeye anailaza pikipiki, mguu mmoja unachora udongo, anapita. Shida ni kwamba hufika kwenye kona hiyo akiwa nyuma mno. Tumekuwa tukirudi nyumbani tukiambiana asiyekubali kushindwa si mshindani, mpaka methali yenyewe imetuchosha.

Mzee wangu hakuwahi kukimbiza pikipiki. Yeye alikuwa dereva wa lori la maziwa, na klabuni kazi yake ilikuwa bendera. Nieleze jambo hili vizuri, kwa sababu kwingine sijui wanafanyaje, lakini kwetu ndivyo lilivyo. Mzunguko wa mwisho ukianza, mwenye bendera anaiinua juu, mkono umenyooka, na anaishikilia hivyo mzunguko wote. Wa kwanza akipita mbele yake, anaishusha, na mbio zimekwisha. Ikishuka kabla ya hapo, kwa sababu yoyote ile, kila mtu anazima injini palepale alipo, na aliye mbele ndiye mshindi. Sheria hiyo ilikuja baada ya mtu kuanguka kwenye vumbi na wenzake wasimwone. Tangu hapo bendera haibishaniwi. Na mzee wangu aliibeba miaka na miaka, mrefu kama alivyo, mkono umesimama hautikisiki. Nilikuwa namwangalia yeye kuliko pikipiki. Sioni haya kusema.

Halafu kiharusi kikampiga, wakati mahindi ya Kogo yalikuwa magotini. Mungu alitusaidia, maneno yalirudi, mguu ukarudi kwa kiasi chake, akawa anatembea na mkongojo kwenye mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Uliinuka hadi begani ukaanza kutetemeka, kisha ukashuka wenyewe.

Msimu ulipofunguliwa alikataa kwenda. Mwenyekiti wa klabu alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema, "Mzee, bendera ni yako. Tunakungoja."

"Mpeni mtu mwenye mkono," mume wangu akamjibu, na akaongeza sauti ya redio.

Mchungaji naye akaja na methali yake, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee akamwuliza kama amewahi kuona mhunzi akishika chuma cha moto kwa meno. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Jumapili zilizofuata nikawa naenda peke yangu. Nikirudi ananiuliza nani alianguka, nani aliharibikiwa na klachi, nani ameshika bendera na ameishika namna gani. Nilimwambia ukweli: kijana mmoja anaipeperusha kama anayefukuza ndege shambani. Mimi nilikuwa na hasira, hasira mbaya kabisa, wala sikujua ni ya nani. Si yake. Labda ya ule mkono.

Siku moja nilikuwa nakatakata vitunguu, nikatazama dirishani. Mzee amesimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, ameegemea mkongojo, na kwenye mkono wa kulia ameshika ufagio wangu. Anauinua. Unafika begani, unatetemeka, anauma meno, unapita sikio, unapanda. Anahesabu kwa mdomo bila sauti. Unaanguka. Anainama polepole kuuokota, kuinama kwenyewe ni safari, na anaanza tena. Sikutoka nje. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu nikalia, na alipoingia akadhani ni vitunguu.

Wiki ile ya mwisho wa msimu akasema mezani, kana kwamba anaomba chumvi, "Jumapili nitaenda."

"Kutazama?"

"Mama watoto, mimi nimewahi kwenda pale kutazama?"

Jumapili hiyo mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Timboroa, na Kogo alikuwa ameshatuambia kwamba trekta linakuja kesho, tukae tukijua. Watu walipomwona mzee wangu akishuka garini walimpigia vigelegele mpaka akaona aibu. Vijana wakamwita Buda, kama wanavyowaita wazee mtaani, wakamgusa bega. Mwenyekiti akampa bendera bila hotuba, nami nikamshukuru moyoni kwa kutohutubu.

Mbio za mchana zilikuwa fupi, na mwingine alizisimamia. Mzee aliutunza mkono wake kwa mbio kuu. Na siku hiyo, haki ya Mungu, kijana wetu wa Huruma alikuwa amelishwa nini sijui. Aliondoka wa nne, akawa wa tatu, akawa wa pili. Mbele yake alibaki mgeni mmoja tu, na kila mzunguko pengo lilikuwa likipungua. Watu walipagawa. Mama mmoja karibu nami alivua kitambaa kichwani akawa anakizungusha. Mzunguko wa mwisho ukaanza, na mzee wangu akainua bendera.

Mimi sikutazama pikipiki. Nilitazama mkono. Ulipita bega, ukapita sikio, ukanyooka, na ukakaa. Nikasema, baki hapo, tafadhali, baki hapo. Pikipiki zilikuwa upande wa mbali, kila mtu amegeuka huko. Mzee alikuwa amefumba macho, uso wote umekunjamana. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikahisi wangu pia unauma. Kisha ukashuka, haukuanguka, ulishuka taratibu, bendera ikagusa udongo.

Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Palikuwa kimya hata tukasikia ng'ombe wa Kogo.

Kijana wetu alikuwa nyuma ya yule mgeni kwa gurudumu moja, na mbele yao ilikuwa kona ya mikaratusi. Ile yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulikuwa tumengoja ushindi mmoja kwa miaka, na ulikuwa umebakisha kona.

Nilijitayarisha kugombana. Mtu yeyote angefungua mdomo kumtukana mzee wangu, ningemla mzima. Lakini wa kwanza kusema alikuwa yule mgeni mwenyewe. Alikuja akisukuma pikipiki yake, akamwambia mwenyekiti kwamba huo si ushindi, kila mtu ameona, heri mzunguko wa mwisho urudiwe. Mwungwana, yule. Mwenyekiti akamtazama fundi wetu. Alikuwa ametoa helmeti, vumbi hadi kwenye kope, na macho mekundu. Alimwangalia mzee wangu aliyekuwa bado amesimama pale pale, ameegemea mkongojo, hajui atazame wapi.

Kurudia kungekuwa kusema mbele ya watu wote kwamba bendera ile haikuwa bendera.

"Hapana," kijana akasema. "Hapa kwetu bendera ikishuka imeshuka." Akamshika mgeni mkono, akampongeza. Kisha akaenda nyuma ya pikapu ya klabu akakaa peke yake, na nikaona kwa mabega yake kwamba analia.

Watu wakamzunguka mzee. "Poa sana, Buda." "Wageni walikuwa mbali mbele, hata hatungewafikia." "Si unajua zetu ni za kubeba abiria." Walisema hivyo wote, hata yule mama wa kitambaa, wanatabasamu midomo tu. Mzee akaitikia kila mmoja. Mwishowe tukaanza kutembea kuelekea barabarani, polepole, tukikanyaga mabonge ya udongo.

Alisimama katikati ya shamba.

"Nilikuwa nimefumba macho," akasema. "Sikuona. Walikuwa mbali kweli?"

Kila mtu pale alikuwa amemdanganya kwa upendo, na uongo ule ulikuwa mzuri, ulikuwa umeshaandaliwa, kilichobaki ni mimi kuitikia kwa kichwa tu. Lakini huyu mtu aliniuliza kila Jumapili, na kila Jumapili nilimjibu. Nikashindwa kumdanganya.

"Alikuwa nyuma gurudumu moja," nikasema. "Pale kwenye mikaratusi angempita."

Akachimba udongo kwa ncha ya mkongojo. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Nilijiambia, mwanamke wewe, mdomo wako utakuua.

"Na mgeni alitaka warudie? Nilisikia kama hivyo."

"Alitaka. Kijana wetu akakataa."

"Akijua angeshinda?"

"Kila mtu alijua."

Mzee wangu aligeuka akatazama kule kwenye pikapu, ambako kijana alikuwa sasa anafunga mizigo kwa kamba, mgongo umetugeukia. Machozi yakamtoka, hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na mkongojo na mwingine hauna nguvu.

"Basi yule kijana ananipenda," akasema, taratibu, kama mtu aliyepewa habari ambayo hakuitarajia.

"Tunakupenda wote, mzee mjinga wewe!" nikampigia kelele, watu wakageuka, nami sikujali. Nikauchukua ule mkono wa kulia nikauweka begani kwangu, mzito, bado unatetemeka, na tukaendelea kutembea hivyo mpaka barabarani.