Siku Niliyomlilia Nahodha Kwenye Msiba wa Buswelu

Hili jambo nikilisimulia masikio yananiwaka moto mpaka leo, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa mtaani kwetu Mkuyuni, maana wale wameshaliongezea chumvi.

Nina tamthilia moja ninayoipenda kuliko chakula, ya watu waliopotea angani ndani ya chombo (imetafsiriwa Kiswahili na jamaa anayeongea kuliko waigizaji wenyewe), na nahodha wao, jamani, mtu mpole, nilikuwa nimeshampa moyo wangu wote. Sehemu ya mwisho ya msimu niliipata asubuhi ileile tuliyokuwa tunakwenda Buswelu kumzika baba yake Kabula, fundi cherehani mwenzangu. Huyo mzee sikuwahi kumwona hata mara moja.

Tukakaa mkekani na kina mama, tukaambiwa mchungaji kachelewa, na mimi nikajiambia dakika kumi tu. Nikajitanda khanga mpaka usoni, waya wa hedifoni sikio moja, simu mapajani. (Msinitazame hivyo.)

Sasa nahodha akajifungia kwenye chumba cha injini kinachoungua ili wenzake wapone, akamuaga binti yake kupitia kioo, nikajiziba mdomo, wapi! Kilio kikatoka.

Kina mama wakanidaka. "Mwacheni alie, mwacheni." Huyu ananipepea, yule ananipa maji, mara akaja Mama Kabula mwenyewe, mjane, ambaye walisema hajatoa chozi tangu juzi, akanikumbatia tukalia wote. Baba mdogo wa Kabula akatangaza: "Inaonekana marehemu alimtendea mema binti huyu. Asimame aseme neno."

Ningekataa pale, yangeishia hapo. Nikasimama. "Mzee alikuwa mpole, aliwatanguliza wenzake kuliko nafsi yake," (sifa za nahodha hizo, zote), watu wanatikisa vichwa, nami nikanogewa, nikanyoosha mkono kuelekea jeneza, waya ukachomoka. Simu yangu ile haijui kunyamaza. Sauti ya mtafsiri ikajaa uwanja mzima: "Usilie mrembo! Huyu hajafa, anarudi msimu ujao!"

Kabula alinitazama, wala si kwa hasira, alinitazama kama mtu aliyechoka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Ulikuwa unamlilia nani, mwanangu?" Mama Kabula akauliza.

"Shikamoo, mama," nikajibu (sijui kwa nini, nilishamwamkia tangu asubuhi), halafu nikamwambia ukweli. Akainama, mabega yakatikisika, nikadhani nimemliza upya, kumbe anacheka.

"Marahaba. Nenda jikoni ukasaidie," akasema huku anajifuta macho. "Mimi angalau umenifungua kifua."

Nikaosha masufuria mpaka vidole vikakunjamana. Huko jikoni wanawake walikuwa wanamzungumzia marehemu, kwamba binti zake wote aliwafundisha kuogelea ziwani mwenyewe huku majirani wakimcheka, kwamba Kabula alipokwama na cherehani ya kwanza, mzee alikaa naye mpaka wote wawili wakajua kupinda kola ya shati. Nikalia tena, safari hii kimyakimya, na hakuna aliyekuja kunipepea.

Kabula alikaa wiki mbili hanisemeshi. Siku hizi nikienda msibani simu naiacha nyumbani, natafuta mtu wa kukaa naye, namuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nami nasikiliza kwa masikio yote mawili.