Ndoa Isiyokuwa na Walii

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: ndoa niliyoifunga katika ukurasa wa mwisho wa kitabu changu cha tatu ilikuwa sahihi au batili? Bwana harusi hakuwahi kuwako duniani. Bibi harusi alikuwa binti wa mfalme wa majini. Wote wawili niliwatunga mwenyewe, nyumbani kwa mamangu, Likoni. Hata hivyo nililala chali nikihesabu mashahidi waliohudhuria, na nikaona kuwa sikuwataja hata mashahidi.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na digrii yangu, nasomesha Changamwe, na nilikuwa nimemaliza hekaya niliyoianza nikiwa bado chuoni. Ilitoka katika vitabu vitatu vyembamba. Katika cha kwanza, mchimba visima anatumbukia kisimani na kutokea nchi ya majini. Katika cha pili kunazuka vita. Katika cha tatu anamuua mfalme dhalimu, nchi inakuwa huru, naye anamwoa binti wa mfalme. Viwili vya mwanzo vilipendwa sana, na watu walikuwa wakinisimamisha kwenye feri kuniuliza lini cha tatu kitatoka. Niliamini nimeandika kitabu cha uhuru. Kilipotoka nikakaa nikingoja mtu wa kuzungumza nami habari za uhuru.

Kwetu kitabu kimoja kilisomwa na mtu mmoja kwa sauti, wengine kumi wakasikiliza huku wanafanya kazi zao. Baraza kubwa la kusomea lilikuwa la fundi wa cherehani karibu na kituo cha feri. Nilipita pale jioni ya pili baada ya kitabu kutoka, nikijidai napita tu.

"Bwana mwandishi!" fundi akaniita kabla sijamaliza salamu. Miguu yake haikuacha kukanyaga cherehani. "Hebu njoo utwambie. Walii alikuwa nani?"

"Walii wa nani?"

"Wa bibi harusi! Babake umemuua katikati ya kitabu. Kurasa kumi mbele, binti keshaolewa. Nani aliyemwoza?"

Nikasema kuwa ile ni hekaya, na wale ni majini.

"Majini Waislamu," akasema mpiga pasi wake, akipuliza makaa. "Kitabu cha pili wameswali Ijumaa. Umeandika wewe, si mimi."

"Basi kadhi wa majini ndiye aliyemwoza," nikasema. Nilijiona mjanja.

"Kadhi hawi walii na babu yu hai."

"Babu gani?"

Cherehani ikanyamaza. Fundi akanitazama kama mtu aliyeniona nimesahau mwanangu sokoni.

"Babu aliyemo chupani! Wallahi, kamsahau! Jamani, mwenyewe kamsahau!"

Nilikuwa nimemsahau. Katika kitabu cha kwanza mfalme alimfunga babake mzazi ndani ya chupa ya kijani, nami nikaandika kuwa siku yake ya kutoka itafika. Kisha nikaingia katika vita, na mitihani, na yule mzee nikamwacha pale pale. Watu wa Likoni walikuwa wamengoja chupa ifunguliwe muda wote huo.

Habari ilienea kuliko kitabu chenyewe. Changamwe, makuli wa bandarini walitaka kujua nchi ya majini sasa itaingia bara au itabaki na sultani wake, kama tulivyobishana siku zile juu ya Pwani yetu, na kila nilipojibu waligawanyika makundi mawili na kusahau kuwa nipo. Mtu mmoja kwenye feri alinishika mkono kunieleza kuwa binadamu kumwoa jini kuna hitilafu ya wanavyuoni, wengine wakiruhusu na wengine wakikataza, na mimi nimeipita hitilafu hiyo bila hata kupunguza mwendo. Hakuna aliyesema neno juu ya moyo wa yule mchimba visima, ambao niliusumbukia miezi mitano. Nilikuwa nikirudi nyumbani meno yameumana.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini wakati huo huo nilikuwa na posa Kisauni. Babangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mjomba ndiye aliyenipelekea, kwa maalim mmoja wa chuo cha Kurani mwenye binti niliyemwona mara mbili tu harusini kwa watu. Mjomba alikwenda kutaka jibu, akarudi na uso wa mtu aliyetumwa ujumbe asiouelewa.

"Maalim amesoma vitabu vyako," akasema.

"Kipi?"

"Vyote. Hakukatai. Ila anasema mtu anayeoza binti ya watu bila walii, na babu yu hai, yeye ataka kwanza kuona mtu huyo atairekebisha vipi ndoa hiyo. Ndipo atoe jibu."

"Alikuwa akifanya mzaha, mjomba."

"Nami nilidhani hivyo, nikacheka. Yeye hakucheka."

Nikakaa mezani siku nne kuandika kurasa za marekebisho. Nikimtoa babu kabla ya vita, wasomaji watauliza kwa nini hakumsaidia mjukuu wake. Nikimtoa baada ya harusi, basi harusi ni batili na lazima irudiwe, na ule usiku baina ya harusi ya kwanza na ya pili ukawa wa namna gani? Niliona haya peke yangu nikaichana karatasi. Nikimuua humo chupani, fundi cherehani hatanisamehe. Niliandika njia saba na kuzichana zote, na kila niliyoichana nilimchukia maalim zaidi, na fundi, na makuli, na mwisho nikawachukia hata wale waliokisifu kitabu cha kwanza.

Mamangu alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu. Vitabu vyangu alisomewa na binti wa jirani, pamoja na wanawake wengine.

"Nyinyi na walii wenu," akasema bila kuinua macho. "Sisi huku ndani tuliuliza jingine."

"Lipi, mama?"

"Yule mtoto wa mfalme alikuwa na mdomo. Kitabu cha kwanza alivyomtukana yule mchimba visima, nilicheka hadi nazi ikaniponyoka. Babake alipouawa, kimya. Kavishwa, kapelekwa, kaolewa na yule yule aliyemuua. Neno moja hakusema. Ulimkata ulimi?"

Nikasema kwamba bibi harusi hunyamaza, ndiyo desturi.

"Desturi ya nani? Mimi babangu, babu yako, alipoingia kuniuliza idhini, nilimwambia aende arudi kesho."

"Hujaniambia hayo hata siku moja."

"Hukuuliza." Akakung'uta kifuu. "Na huyo wa Kisauni, ameulizwa?"

"Babake atamuuliza wakati ukifika."

"Nimekuuliza wewe, si babake."

Swali hilo lilinikera kuliko kelele zote za barazani. Nikarudi mezani. Nikamtoa babu chupani kwa sentensi moja, bila maajabu, nikamwingiza chumbani kwa mjukuu wake amuulize kama anamtaka mchimba visima. Nilikuwa nimeshamwandalia jibu. Kalamu ilipofika pale, jibu lile halikuandikika. Nikaliacha, nikangoja, kisha nikaandika swali lake kwa babu: "Nani aliyemwosha babangu?" Baada ya hapo hapakuwa na harusi tena. Palikuwa na mazishi, kurasa tisa, naye akisema karibu katika kila ukurasa.

Nilijua kurasa hizo zingeweza kunikosesha mke. Nilizunguka meza, nikafikiri nimwandikie maalim barua, nikafikiri nimpe mjomba azipeleke, nikafikiri nirudie ile njia ya tatu, ya kumuua babu chupani. Ijumaa baada ya swala nikavuka feri, nikapita mjini, nikavuka daraja la Nyali, nikaenda Kisauni mwenyewe, jambo ambalo mposaji hafanyi.

Maalim alinikaribisha kwa adabu ya mtu asiyeficha mshangao wake. Akazisoma kurasa zote tisa mbele yangu. Alipomaliza akavua miwani.

"Nilikwambia uirekebishe ndoa. Sasa hapana ndoa kabisa."

"Hapana ndoa, maalim. Aliulizwa, hakukubali."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuomba binti yako aulizwe."

"Ataulizwa. Sheria yataka aulizwe."

"Naomba aulizwe leo, maalim, kabla wewe hujanijibu. Akikataa, mjomba hatarudi tena hapa."

Akazikunja zile kurasa tisa, akanirudishia. Kisha akageukia mlango wa ndani, akaliita jina la binti yake. Sauti ikajibu kutoka ndani: "Abee, baba."

Nikainuka, nikavaa viatu, nikaenda kusimama nje barabarani, ili lolote atakalolisema asilazimike kulisema mbele yangu.