Mtani wa Saruji

Juzi nilishuka Tabora, rafiki yangu, nikamwambia dereva wa bajaji anipeleke Kanyenye, kwenye kipilefti cha mpagazi. Akaniuliza, "Mpagazi gani, mzee?" Nikajua nimekaa mbali mno.

Zamani asingeuliza. Katikati ya kipilefti kile alisimama mtu wa saruji, mzigo begani, uso ameuelekeza magharibi kama wapagazi wa misafara. Kando yake zilijipanga nyumba kongwe za udongo, kuta nene, milango ya nakshi, na moja ilikuwa yetu. Jua lilipochoma nje, ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungini na harufu ya asali. Kila mvua zilipokwisha tulikanyaga tope ili bibi akandike ukuta upya, kisha tukasinzia sakafuni na miguu yetu ya udongo, tukisikia honi ya treni kwa mbali.

Babu na bibi walikuwa Wazaramo wa pwani. Babu aliletwa na kazi ya reli, akafariki mapema, na ukituondoa sisi wajukuu, bibi hakuwa na ndugu mji mzima. Ila alikuwa na watani. Wazaramo na Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, hutaniana tangu enzi za misafara, na mtani hukutukana ukiwa hai, akakuzika ukifa. Basi kila asubuhi, akifagia baraza, bibi alimgeukia yule wa saruji. "Wewe mla matobolwa, viazi vyenu vikavu hivyo, mzigo huo utaufikisha lini?" Jirani yetu, mwalimu Mnyamwezi, alimjibia kutoka dirishani: "Ningeshafika, mama, ila nimebebeshwa hata nazi zenu." Mimi nilikua nikidhani sanamu zote duniani hujibu.

Kisha barabara ikataka kupanuliwa. Asubuhi moja wakaja mafundi na nyundo kubwa ili wamvunje. Bibi akajifunga khanga kiunoni, akaenda kulala chali miguuni pa sanamu, kama watani wafanyavyo makaburini wakizuia maziko mpaka wapewe wanachodai. Watu wakacheka, lakini yeye alikuwa analia kwelikweli.

"Mtani wangu havunjwi," alisema. "Hapa mjini huyu ndiye ndugu yangu."

Msimamizi wa mafundi alikuwa Mnyamwezi. Angeweza kuita askari. Badala yake alichuchumaa.

"Unadai nini, mtani?"

"Atoke mzima."

Nyundo zikawekwa chini. Wanaume wakamng'oa taratibu, wakamtia mabegani, wakampeleka bohari ya mji. Bibi aliwasindikiza akiwatukana njia nzima huku machozi yakimtoka, nasi watoto nyuma yake tukicheka, hatujui hata tunacheka nini.

Alikokwenda baada ya bohari sijui. Bibi alipofariki, watani walijaa barazani petu. Mwalimu akaingia kaburini akalala, akasema mla nazi huyu hazikwi mpaka aamke atupikie wali. Sijaona tena msiba uliochekesha na kuumiza vile.

Nyumba yetu leo ni duka la vipuri vya bodaboda, na penye mlango wa nakshi pana geti la chuma. Nilimkumbuka bibi. Nikasimama pale kandokando ya barabara, kitambo kirefu, nikitamani mtu mmoja tu anitukane. Walipita wengi. Wote waliniamkia kwa adabu, shikamoo, shikamoo, wakaenda zao.